Kibao cha Kusemea

Maneno ya kwanza ya Redio baada ya kiharusi yalitoka kwa sauti ya mkewe.

Alikuwa ameketi kwenye kochi la sebuleni, mto umemkinga upande wa kulia asije akainamia huko. Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele yake, amemshikia kibao chenye skrini ya kugusa, ukubwa wake kama kiganja cha mkono. Kwenye skrini kulikuwa na picha nane. Redio alizitazama, akainua kidole cha mkono wa kushoto, akabonyeza picha ya glasi. Spika ndogo iliyogundishwa nyuma ya kibao ikakwaruza kidogo, kisha ikasema kwa sauti nyembamba ya kike, "Naomba maji."

Kaka yake mkubwa, aliyekuja kumjulia hali, alijaribu kujizuia. Alikaza midomo, akatazama dari, ikashindikana. Akacheka mpaka akatoa leso.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema akifuta macho. "Lakini wewe! Wewe wa kuongea kama bibi harusi!"

Binti yao naye akacheka, kwa kuwa baba yake mkubwa amecheka. Hata mke mwenyewe alitabasamu. Redio hakutabasamu. Alikisukuma kibao kwa mgongo wa mkono, akageuzia uso ukutani, na maji yalipoletwa hakuyanywa.

Mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na pa kuzimia. Alikuwa kinyozi. Watu walizipita saluni zenye vioo vikubwa na feni mpya, wakaenda kwake kumsikiliza. Nywele zilikuwa kisingizio. Alijua kwa nini umeme unakatika, timu gani itafungwa Jumamosi, na namna ya kumwomba radhi mama mkwe bila kushuka hadhi. Kisha asubuhi moja, mteja akiwa tayari amefungwa kitambaa shingoni, sentensi ilimkatikia katikati na mashine ikamponyoka. Tangu hapo kinywani mwake ilibaki sauti moja tu, "tebe", na aliitumia kwa njaa, kwa hasira, kwa salamu, kwa kila kitu.

Mkewe alifanya kazi kwenye duka la steshenari, akitoa kopi na kuwachapia watu barua. Vibao hivi vya skrini, alivyoviunda mwenyewe, vilikuwa starehe yake tu, kama wengine wanavyofuma vitambaa vya meza. Jumapili mchana alikuwa akiloweka miguu kwenye beseni, laptopu mapajani, akiandika programu za vigemu vidogo: panya anayemkwepa paka, mama anayewahi kujaza ndoo kabla bomba halijakauka. Hakuna aliyemlipa, wala hakutaka kulipwa. Redio alikuwa akimwita Fundi kwa utani, na jina likamganda. "Fundi wangu," alikuwa akimwambia, "siku ukitengeneza gemu ya kuosha masufuria, niamshe hata kama nimelala."

Mtaalamu wa usemi hospitalini aliwaeleza kwamba mgonjwa anaelewa yote. Maneno yamo, ila njia ya kutokea imeziba. Akawaonya pia kwamba ndiyo na hapana huwa zinampotea, kwa hiyo anaweza kutikisa kichwa kukataa jambo analolikubali. Katika yote aliyosema mtaalamu yule, familia ilishika hilo la mwisho. Redio akitikisa kichwa, hakuna tena aliyemwamini.

*

Kaka Mkubwa alikuwa mkandarasi wa mabomba, mtu wa kumaliza mambo. Ndiye aliyelipa hospitali, na hakuwahi kumkumbusha mtu. Alirudi wiki iliyofuata, akavua kofia, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu mwenye safari nyingine mbele.

"Shemeji, hili la saluni tulimalize. Kiti chake kimekaa bure, na yule msusi wanayegawana chumba hawezi pango lote peke yake. Kuna bwana mmoja anauza simu, anakitaka chumba. Nimeshaongea na mwenye nyumba. Jumamosi analeta karatasi, mgonjwa anaweka dole gumba, basi."

"Umemuuliza mwenyewe?" Fundi alisema.

"Nimuulize vipi? Kwa tebe?"

Alisema bila ubaya, kama anavyosema mtu kwamba ukuta hauna mlango. Redio alikuwa ameketi palepale. Alitikisa kichwa kwa nguvu. Kaka yake akampigapiga gotini.

"Tebe," Redio alisema. "Tebe! Tebe!"

Alinyoosha mkono, akakivuta kibao mezani, kidole kikatafuta huku na huku juu ya skrini, kikatua. Sauti ya mkewe ikatoka: "Naumwa." Akabonyeza tena. "Naumwa. Naumwa. Naumwa."

"Unaona? Tunamchosha," Kaka Mkubwa alisema, akisimama. "Mpeni dawa apumzike."

Binti alikimbilia jikoni, akaja na kidonge na kikombe. Alikuwa msichana mkubwa, anajifunza ushonaji, na tangu baba augue alizoea kufanya mambo haraka ili asiyafikirie. Alimwekea kidonge ulimini. Redio akakitema. Kikaangukia kiatu cha kaka yake, cheupe, kimelowa mate.

Kaka Mkubwa aliinama, akapangusa kiatu kwa leso. "Si kosa lake," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomfanya Redio afumbe macho.

Alipokwisha kuondoka, Fundi alikiokota kibao akifute. Akaziangalia picha zake mwenyewe, alizozichora nukta kwa nukta na kujisifu moyoni: glasi, sahani, choo, blanketi, dirisha, mshale wa kumgeuza, uso uliokunjamana, mikono miwili ya kushukuru. Kwa kibao hiki mumewe angeweza kula, kujisaidia, kufunikwa, kuumwa na kushukuru. Kubisha, hapana.

Akaketi kando yake. "Baba, hukuwa unaumwa."

Redio alifumbua macho.

"Ulibonyeza ule uso kwa sababu ndio pekee uliokunja sura humu ndani. Ulitaka kukataa, na mimi sikukuwekea pa kukatalia."

"Tebe," alisema Redio. Safari hii aliisema polepole, kama mtu anayetua mzigo.

*

Kesho yake Fundi aliomba ruhusa kazini, akaenda saluni. Upande mmoja kiti cha Redio kilikuwa kimefunikwa shuka. Upande wa pili msusi alikuwa amemwinamisha mteja, anamsuka, na kitana kimemkaa mdomoni. Fundi alimweleza shida yake. Alitaka maneno mapya kwenye kibao, na safari hii alitaka sauti ya kiume. Labda amwombe jirani amrekodie.

Msusi alitoa kitana mdomoni. "Kwa nini umwazimie sauti ya mtu, na yake tunayo?"

Akapangusa mikono, akafungua simu, akatafuta. Mara chumba kikajaa sauti ya Redio, nzito, yenye mikwaruzo ya kicheko kwa ndani: "Wewe msusi! Mteja wangu akiuliza, usimwambie nakuja. Mwambie nimeshafika, nipo nyuma natafuta mashine. Ngoja. Mwambie mashine yenyewe ni kubwa, ndiyo maana natafuta muda mrefu."

Mteja akaangua kicheko, kichwa kikamtoka msusi mikononi. Fundi alijishika kwenye kiti kilichofunikwa. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu siku ya ugonjwa, na ilimkuta bila kujiandaa.

Redio hakuwa mtu wa kuandika. Kuandika, alisema, kunamchelewesha. Kwa hiyo hakuna mteja wake ambaye simu yake haikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwake. Habari ikapita mtaani, na watu wakaanza kumletea Fundi simu zao kule steshenari: muuza viatu, mwalimu wa hesabu, mama wa duka la dawa. Waliweka simu juu ya mashine ya kopi, wakambonyezea. Wengine walitaka kusikiliza mpaka mwisho, na foleni ya wenye kopi ikasimama nao, ikisikiliza. Mwenye duka alinuna, kisha naye akatoa simu yake.

Dereva wa teksi ndiye aliyekuja wa mwisho. "Huu sijui kama utakufaa," alisema, akatazama pembeni. Sauti ikasema: "Jamaa yangu, njoo uone gemu ya mke wangu. Nimeicheza chooni mpaka miguu imekufa ganzi. Ile akili ya yule mwanamke ningeioa mara ya pili. Ila usimwambie, atanivimbia kichwa."

Fundi aliipanga karatasi iliyokuwa imeshapangwa. "Rudisha," alisema. "Nataka nisikie vizuri hilo neno njoo."

Dereva akarudisha. Akarudisha tena bila kuombwa.

*

Kazi yenyewe waliifanya mezani sebuleni, mama na binti, Redio akiwa katikati yao. Binti alikuwa na sikio zuri kuliko mama. Alizikata sauti kwenye laptopu kama anavyokata kitambaa, asiache uzi unaning'inia. "Hapana bwana" walilipata kwenye ubishi wa mpira. "Ngoja" lilikuwa kila mahali. "Nani kakwambia?" lilitoka kwa mwalimu wa hesabu. Badala ya ndiyo walipata "Ndiyo maana yake", kwa kuwa Redio hakuwahi kusema ndiyo tupu.

Kibao nacho kilikuwa na ukaidi wake. Mkono wa Redio ulitetemeka, kwa hiyo akigusa mara moja kibao kilisikia mara tatu, na sauti yake ikatoka "Ngo-ngo-ngoja" mpaka binti akajificha uso. Fundi aliujua ugonjwa huo. Panya wake wa kwenye gemu aliwahi kuruka mara mbili kwa mguso mmoja na kuangukia paka. Aliandika mistari michache ya kukiambia kibao kikishasikia mguso kipumzike kidogo kabla ya kusikia mwingine. Kisha akagundua kwamba vitufe vya kulia Redio havigusi kabisa. Alidhani havitaki. Alipohamishia kimoja kushoto, Redio akakibonyeza mara moja, na ndipo wakaelewa kwamba upande wa kulia wa skrini, macho yake hayafiki. Fundi alibomoa mpangilio wote, akaujenga upya upande wa kushoto, vitufe vikubwa, vimepandana kama rafu.

Kuchagua maneno ndiko kulikowatoa jasho. Kwa kuwa kutikisa kwake kichwa hakuaminiki, Fundi alitengeneza ukurasa wa pembeni wenye rangi mbili: kijani baki, nyekundu toka. Akamsomea kila neno mara mbili, na mara ya pili akizigeuza rangi nafasi zake, ahakikishe anachagua na si kubahatisha. Redio alichagua. Kidole kilichelewa, lakini kilikwenda pale pale.

Walipofika kwenye "Asante", akabonyeza nyekundu.

"Hiyo haitoki," Fundi alisema. "Mimi ndiye mpokeaji."

Redio akacheka. Kicheko ugonjwa haukukigusa. Kilitoka kizima, kama zamani, na binti akaacha mkasi wa sauti akamtazama baba yake kama aliyerudi safarini.

Palitokea neno moja lililowashinda. Fundi alisoma "sijui", na Redio akabonyeza kijani. Akasoma tena, rangi zimegeuzwa, kijani. Alilitaka. Wakasikiliza ujumbe wote upya, wa msusi, wa mwalimu, wa dereva. Redio alitabiri, alishauri, alibisha, aliapa. Hakuna mahali aliposema hajui.

"Baba hajawahi kusema sijui maisha yake yote," binti alisema.

Alijaribu kuliunga kwa vipande vya maneno mengine, likatoka kama mtu anayepiga chafya. Mwishowe Fundi alisogeza mdomo kwenye maikrofoni, akalirekodi yeye mwenyewe. Akamsikilizisha Redio. Redio akakunja pua. Kisha, polepole, kidole kikaenda kwenye kijani.

*

Jumamosi Kaka Mkubwa alikuja na muuza simu, bwana mtulivu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, pamoja na karatasi na kidau cha wino. Walikaribishwa, wakakaa. Karatasi ilisomwa kwa haraka, kama sala inayojulikana. Fundi alifungua mdomo, lakini shemeji yake alikwisha kuinuka. Aliukamata mkono wa kulia wa Redio, ule uliolala pajani kama kitu kilichosahauliwa na mgeni, akakunjua dole gumba, akalikandamiza kwenye wino.

"Hapana bwana."

Muuza simu aliruka kitini. Kaka Mkubwa aliuachia mkono, ukaanguka na kuacha doa la buluu kwenye suruali ya Redio. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtoto: alikuwa amemsikia mdogo wake. Kisha akakiona kibao kwenye paja la kushoto, na uso ukafunga.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Ni yeye anayesema."

"Anasema kwa mtambo wako, maneno uliyochagua wewe, vitufe ulivyopanga wewe. Umemlisha maneno. Kama hutaki saluni iondoke, si uniambie mwenyewe? Unamtumia mgonjwa?"

Damu ilimpanda Fundi usoni, mbele ya mgeni, nyumbani kwake. Alikuwa na majibu mengi. Ya mwaka huu, ya miaka yote. Lakini alijua pia kwamba katika hasira zile palikuwa na swali la haki, kwa kuwa alishawahi kumlisha mumewe maneno manane bila kujua. Akamshika binti mkono.

"Sisi tunatoka nje. Muulize wewe. Muulize na kugeuza maswali, uone."

Walisimama uani, kwenye kamba ya nguo, karibu na dirisha lenye pazia. Kisha sauti ya Kaka Mkubwa, kavu:

"Haya. Unataka saluni ifungwe?"

"Hapana bwana."

"Unataka iendelee?"

Kimya cha kutafuta. "Ndiyo maana yake."

"Nani ataiendesha?"

"Wewe msusi!"

Muuza simu alisikika akicheka, akakohoa kukificha kicheko.

"Msusi hamudu pango lote. Unalijua hilo?"

"Ndiyo maana yake."

"Na wewe mwenyewe?" Sauti ilishuka. "Mdogo wangu, wewe utanyoa kwa mkono gani?"

Fundi aliishika kamba kwa mikono miwili. Hakuna kitufe alichokuwa ameandaa kwa swali hilo. Alisubiri, na pale dirishani, kutoka ndani, akasikia sauti yake mwenyewe.

"Sijui."

Kule ndani hakuna aliyeicheka sauti ya kike. Kaka Mkubwa alikuwa bado amesimama. Sasa aliketi, tena si kwenye ukingo. Tangu ugonjwa uingie alikuwa akimaliza mambo, hospitali, dawa, sasa saluni, kwa kuwa kila jambo lililokwisha lilimpunguzia siku ya kuja kuketi mbele ya mkono ule. Hakuwahi kulikiri hilo hata kwa mkewe. Aliutazama mkono, na dole gumba lake la buluu.

"Hata mimi sijui," alisema.

"Ngoja," kibao kilisema kwa sauti ya Redio.

"Nangoja, mdogo wangu. Nangoja."

Muuza simu akaingilia. Alisema yeye hana haja ya chumba kizima. Simu zake zinaenea rafu moja, mlangoni, na pango anaweza kuchangia. Angesema mapema, ila hakuna aliyemuuliza na yeye.

*

Redio hakunyoa tena. Mkono haukurudi. Asubuhi binti humpeleka saluni, humketisha mlangoni karibu na rafu ya simu, na msusi alimleta ndugu yake anayejua kunyoa akashika mashine. Wateja kadhaa walihama. Waliona aibu kuketi mbele ya mtu anayetafuta neno kwa kidole, na wengine walimsemesha kwa sauti ya juu kana kwamba alikuwa kiziwi. Waliobaki walijifunza kusubiri. Mwalimu wa hesabu huja hata wakati hana nywele za kunyoa, akatoa hoja zake za mpira, akanyamaza, na kidole kikatembea kwenye skrini, na saluni nzima ikangoja kujua ni "Nani kakwambia?" au "Hapana bwana". Kaka Mkubwa naye hupita, hukaa. Anazungumza machache. Sasa anajua kukaa.

Jumapili moja mchana Redio alimfuata mkewe alipoketi na beseni lake. Alikuja kwa kuburuza mguu, akashikilia ukuta, akamwekea kibao mapajani na kumwonyesha nafasi tupu chini ya vitufe. Akaigonga kwa ukucha. Alitaka neno.

"Neno gani?"

"Tebe."

"Ni mtu?"

"Hapana bwana."

"Chakula? Mahali? Kitu cha saluni?"

"Hapana bwana. Hapana bwana. Hapana bwana."

Fundi alitaja vitu vya jikoni, akataja majina ya mitaa, akataja hata maradhi. Binti alijiunga kutoka mlangoni, akapendekeza mambo ya kipuuzi, akafukuzwa. Maji ya beseni yakapoa. Fundi akakasirika kweli, akakisukuma kibao.

"Basi nenda katafute mke mwenye akili, akusomee mawazo!"

"Nani kakwambia?" Redio alijibu, na wote wawili wakashikwa na kicheko mpaka laptopu ikakaribia kutumbukia.

Neno lenyewe hawakulipata siku hiyo, wala Jumapili iliyofuata. Si jambo la haraka, au pengine ni la haraka, na hana jinsi ya kusema hivyo. Lakini chakula kikishaliwa na vyombo vikishaoshwa, Redio humsogelea, huigonga ile nafasi tupu, na Fundi huweka laptopu chini, humgeukia.

"Haya, Baba. Tuanze upya. Ni kitu kinachoshikika?"

Kidole kinapanda, kinatetemeka, kinatafuta.